Maua ya Kuficha Sanduku la Gesi

Jumapili, 6 Aprili

Andika, Nunu. Anza na jina la Mungu, halafu andika kuwa mie Thuwaiba, wa Ziwani, Pemba, shule sikwenda, nasema kwa mdomo na mke wa mwanangu anaandika kwenye simu yake huku anasubiri wali ukauke. Zamani nilikuwa na wa kumwambia. Kila siku baada ya alasiri mume wangu Jaffar akinywa kahawa, mie nikisema, yeye akiitikia "ehee". Ukimuuliza nimesema nini hajui, lakini ilinitosha. Sasa huu mwaka wa tatu hayupo, nikisema peke yangu Nunu anaingiwa na hofu. Ndo kasema, mama, sema, mie nitaandika.

Haya. Tumehamia mtaa wa Stechford, huku huku kwa Waingereza, mwezi uliopita. Kabla tulikuwa mtaa wa Ladywood, ghorofa ya tisa, ukitaka kuona udongo upande lifti. Hapa tuna nyumba ya chini na juu, na kiwanja mbele. Lakini kiwanja gani hicho! Kokoto tupu. Ukutani kisanduku cheupe cha umeme, bawaba moja imekatika. Katikati mfuniko wa chuma wa maji machafu. Karibu na mlango kuna sanduku la gesi, rangi ya udongo, nusu limezama chini nusu liko juu, limevimba mgongo. Halafu mapipa ya taka yamejipanga kama mashahidi. Mgeni akija anaona matumbo ya nyumba kabla hajaona uso wake. Nimemwambia Nunu nitapanda maua nivifiche vyote. Kasema, "Mama, kwa baridi hii?" Huyu mtu wa mjini Unguja, maua anayajua ya kununua.

Na hili uliandike. Ijumaa nilimuuliza tena mwanangu Suhail, kama kila Ijumaa, lini atanipeleka kwenye kaburi la baba yake. Jaffar alikufa hospitali, nikamuaga pale, wanaume wakamchukua, mie nikarudi kukaa eda miezi minne na siku kumi. Sikuliona kaburi mpaka leo. Kwetu pia wanawake hatufuati jeneza, lakini maiti wetu wako hapo hapo nyuma ya nyumba, ukenda kuanika nguo unamsalimia baba yako. Hapa sijui Jaffar yuko upande gani wa mji. Suhail ndo alomzika kwa mikono yake, kanambia mwenyewe. Kasema inshallah atanipeleka.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Taka hazijachukuliwa, wenyewe wamegoma.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo Alum Rock na Nunu. Barabara yote maduka, nguo nje, mboga nje, watu wanapigana vikumbo kama sikukuu. Nimepata rihani vyungu viwili na mnanaa kimoja. Rihani yao ina majani mapana kama masikio, si yetu ile ya kutia kwenye kikuba cha kuvaa kifuani, lakini ukiifikicha harufu ni binamu. Nimekaa nayo kwenye basi nimeipakata. Mama mmoja wa Kongo kaninusa mapajani, kacheka, kasema, "Mama, unanukia vizuri!" Nikamwambia si mie, ni mti. Nimefika nimezipanga mbele ya sanduku la gesi. Nunu kasema nizitie ndani zisife. Huyu kila kitu chake ni hapana. Ndio, andika, mwanangu, nimesema mbele yako.

Jumanne, 15 Aprili

Rihani zimekufa zote mbili. Nyeusi kama zimepigwa pasi.

Nilikuwa nazing'oa akatokea jirani wa mkono wa kushoto, Ranjit, mzee wa Kisingasinga, kilemba cha buluu. Kazaliwa Nakuru! Nusura nimkumbatie. Kiswahili chake kama gari bovu, lakini linafika.

"Mama, hii mti ya jua. Aprili yeye takufa yote. Weka dirishani mpaka Juni."

Nikamwambia basi nitachimba hapa kando ya sanduku nipande kitu kigumu. Kaja mbio kaninyang'anya jembe.

"Wewe chimba hapa? Bomba ya gas napita chini! Wewe piga moja, sisi yote taruka mpaka Coventry!"

Kanifundisha. Karibu na sanduku la gesi usichimbe, tumia vyungu, tena vyepesi, mtu wa kusoma mita akija avisogeze. Mfuniko wa sanduku uache upate kufunguka. Mfuniko wa maji machafu usiuzike, weka karai la maua juu yake, siku ya siku unaliondoa. Kisanduku cha umeme, simamisha fremu ya vijiti pembeni yake, asumini ipande, usiibandike ukutani. Kanipa vyungu vitatu vya lavenda na kimoja cha rozimari. Marehemu mkewe alikuwa akipenda, kasema. "Mimi nachoka kuangalia."

Ijumaa, 18 Aprili

Nimemuuliza Suhail. Kasema wanawake hawaendi makaburini. Nikamwambia hawaendi kuzika, kuzuru ni jengine, muulize sheikh yeyote. Kasema inshallah wiki ijayo.

Ijumaa, 2 Mei

Nimemuuliza Suhail. Gari ina kelele kwenye gurudumu.

Jumamosi, 10 Mei

Jua siku ya kumi mfululizo, Waingereza wote wekundu. Mnanaa umeshika, unatambaa hata chungu hakiutoshi. Asumini kwenye vijiti imetoa kamba mbili, moja inakitafuta kisanduku cha umeme. Paka wa mtaani walikuwa wanakuja kujisaidia pale kwenye sanduku la gesi, nikaokota mawe meupe kwa Ranjit nikalizungushia. Lavenda pande mbili, rozimari kichwani.

Nimeleta kigoda. Nakaa pale baada ya alasiri, jua linapiga mlangoni. Leo nimejikuta nasema, "Jaffar, mnanaa wako umeshika." Yeye chai bila mnanaa hanywi. Nunu alikuwa dirishani. Hakunikataza. Kaleta chai akaiweka juu ya mapaja yangu, akarudi ndani.

Ijumaa, 16 Mei

Nimemuuliza. Kapata shifti ya lori, safari ya mbali. Taka bado.

Ijumaa, 6 Juni

Idi. Nguo mpya, pilau, simu za Pemba tangu alfajiri. Nimemuuliza Suhail, leo siku njema, twende tukampe mkono baba yako. Kasema, "Mama, leo sikukuu, tusiharibu." Nimemtazama machoni. Kashika funguo za gari kana kwamba anatoka, halafu hakutoka. Mtoto huyu alikuwa kipenzi cha baba yake, walikuwa wakigombana kwa mpira mpaka jirani anagonga ukuta. Sasa hata jina lake halitaji. Wazungu wamemharibu moyo, au ndo mkewe anamkataza. Nunu, usinitazame hivyo. Nasema ninaloliona.

Jumamosi, 14 Juni

Leo usikatishe, mwanangu, andika mpaka mwisho, halafu utanigombeza.

Kaja Bi Mize. Bi Mize ni wa Mtambwe, tumechezewa ngoma ya harusi mwaka mmoja, kaletwa na bintiye Alum Rock mwezi wa tano, hajui hata taa za barabarani. Bintiye kamshusha pembeni akenda kutafuta pa kuegesha gari. Mie niko kwenye kigoda changu, natia maji. Rihani mpya imetoka dirishani, nimeipanga mbele, imefura, inanuka mpaka njiani. Bi Mize kafika getini, hakupiga hodi. Kasimama. Kalitazama lile sanduku, mgongo wake ule, mawe meupe pande zote, lavenda, rihani, na mie nimekaa kichwani na birika ya maji.

Kavua viatu. Kha! Kwenye kokoto! Kainua mikono, kasoma Fatiha, kajipangusa uso, na machozi yanamteremka.

"Shoga yangu, ndo hapa mlipomlaza Jaffar?"

Mie nimefungua mdomo.

"Alhamdulillahi," kasema. "Mie niliambiwa huku watu huzikwa mbali, nikawa sili, nikasema masikini Thuwaiba. Kumbe mmemweka mlangoni kama kwetu. Jaffar, hujambo huko? Ni mie Mize, uliyenibebea karafuu mpaka kambi ya wachumaji nilipovunjika mguu."

Lile la karafuu hata mie nilikuwa nimelisahau.

Skwambii, Nunu, mdomo nilioufungua nikaufunga. Mwaka wa tatu huu napewa pole za simu, pole za "jipe moyo", lakini hajatokea mtu kusimama mbele yangu akamwita Jaffar kwa jina lake na kumlilia. Nikamsogezea Bi Mize kigoda. Tukakaa. Tumemzungumza Jaffar mpaka bintiye karudi.

Nunu kaacha kuandika. Kasema, "Mama! Umemwacha aombee mita?" Nikamwambia mie sikutamka neno. Kasema kunyamaza nako ni uongo. Nikamwambia basi mtajie Suhail, anione mwendawazimu. Kaishika simu tena. Halafu kasema, "Endelea, mama. Ulivaa nguo gani alipokuposa?" Akaandika na hilo, lakini nimemwambia alifute.

Alhamisi, 3 Julai

Joto kama la Konde, udongo wa vyungu unapasuka. Bi Mize kaja na wanawake wawili wa kwetu wanaokaa mtaa wao. Wamesoma Yasini. Wameleta ubani na kashata. Nilitaka kusema. Ubani ulipopanda nikashindwa.

Ijumaa, 4 Julai

Nimemuuliza Suhail. Kapanda juu.

Alhamisi, 17 Julai

Yasini tena, sasa ni kila Alhamisi. Usiku uliopita Nunu karudi kazini miguu imemvimba, na asubuhi nimemkuta anatia maji vyungu vyangu kabla sijaamka, akilimwagia hata lile sanduku la gesi asije mgeni akaona vumbi. Nikamwambia, wewe si ulisema uongo? Kasema, "Uongo ni uongo, mama. Lakini rihani haina kosa." Mie nilimdhani mkavu huyu. Andika. Andika hilo neno, nilikudhani mkavu.

Ijumaa, 25 Julai

Mvua. Sikumuuliza, hakuwepo.

Alhamisi, 7 Agosti

Yamenikuta.

Wamekuja watatu, Bi Mize na wale wawili, wamekaa kwenye mkeka juu ya kokoto, Yasini imefika katikati. Asumini imefunika kisanduku cha umeme chote, huoni hata ncha. Ranjit yuko kwake anapunguza ua. Suhail alikuwa amelala juu, karudi safari. Geti likalia. Kaingia mtu, fulana ya kung'ara kama limau, kifaa mkononi, kasema haloo. Kalitafuta sanduku kwa macho, kaliona. Kasogeza lavenda. Kasogeza rozimari. Kapiga magoti, kashika mfuniko.

Bi Mize karuka! Na mguu wake ule mbovu!

"Wee! Wee! Wee! Anafukua! Jamani anafukua maiti!"

Kamshika mkono. Wale wawili wamepiga ukelele mmoja juu mmoja chini. Yule mtu masikini kafa kwa hofu, "sori, sori," na mfuniko ushakuja juu. Bi Mize kafumba macho kwa viganja, "Usitazame, Thuwaiba, usitazame!"

Ranjit kutoka juu ya ua: "Mama! Hiyo mita tu! Mtu nasoma mita!"

Bi Mize kafungua vidole viwili, kachungulia. Ndani bomba la rangi ya njano, saa ya namba, na buibui.

"Jaffar yuko wapi?" kaniuliza.

Nimemwambia yote palepale, mbele ya mtu wa gesi, mbele ya wale wanawake. Kwamba Jaffar kazikwa makaburini, wapi sijui, sijawahi kupelekwa. Kwamba alipomlilia siku ile nilikosa nguvu ya kumkatisha. Kwamba nilikuwa na njaa ya kuliliwa mtu wangu.

Bi Mize kanitazama muda. Nikasema sasa ananitemea mate.

"Thuwaiba," kasema, "mie nimeisomea gesi Yasini sita?"

"Tano. Hii ya leo haijesha."

Mdomo ukamcheza, mabega yakamtikisika, akakaa chini kwenye mkeka akacheka mpaka mtandio ukamvuka, na wale wawili wakamfuata, na mie, na kucheka kukageuka kulia, sijui nani alianza. "Imemfika, shoga," kasema. "Yasini haiulizi anwani. Lakini mwanao ana lake jambo."

Nimegeuka. Suhail yuko mlangoni, pekupeku, fulana ya kulalia. Sijui kasimama tangu lini. Katazama mkeka, misahafu, kigoda changu, buibui wa mita. Uso wake umekuwa wa mtoto wa miaka saba. Karudi ndani.

Mtu wa gesi karudisha mfuniko, kasogeza vyungu vyangu vyote mahali pake, kimoja kimoja. Nunu kampa kashata.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo sikumuuliza. Kaja mwenyewe, alasiri, kakaa juu ya kokoto kando ya kigoda. Nunu naye yuko, ndo anaandika.

"Mama, mie sikumzika baba."

Nikasema nini?

"Nilikuwa natoka bandari ya Felixstowe na lori. Niliwapigia simu msikitini wanisubiri. Makaburi yana saa yake, mama, ikifika hawasubiri. Barabara ilifungwa, kuna gari imeungua mbele. Masaa matatu nimekaa, nasikia adhana kwenye simu. Waliomsalia na kumzika ni watu wa msikiti, Wasomali na Wapakistani, hakuna aliyetujua. Nilipofika geti linataka kufungwa. Makaburi mapya yalikuwa matatu yamefuatana, hayana jina, hayana kibao. Sikujua baba ni lipi, na wa kumuuliza hakuna."

"Ukafanya nini?"

"Nikatia udongo yote matatu. Nikarudi nikakwambia nimemteremsha kwa mikono yangu. Ningekupeleka, ningekuonesha lipi?"

Miaka mitatu, Ijumaa kwa Ijumaa, namchoma huyu mtoto kwa sindano ileile, na mie najiona ndo ninayechomwa. Nikasema Wazungu wamemharibu. Nikasema mkewe. Nunu, nisamehe, mwanangu. Hapana, usiandike kuwa umenisamehe, andika nimekuomba.

Suhail kichwa chake nimekiweka mapajani. Kina mvi. Nilikuwa sijaziona.

Jumatatu, 11 Agosti

Nunu kapiga simu ofisi ya makaburi. Dakika nne! Kila kaburi lina namba kwenye daftari lao, kasema jina na tarehe, wakampa mstari na namba. Dakika nne, na sie tumekaa miaka. Suhail aliogopa kuuliza kwa kuwa atakayepokea atamuuliza wewe nani wake, na mwana gani hajui kaburi la baba yake. Nunu kaulizwa hivyohivyo. Kajibu, "Mkwewe."

Jumatano, 13 Agosti

Taka. Joto. Usingizi sina.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeoga, nimevaa buibui langu la kutokea. Nilitaka kuchukua chungu, Nunu kasema ofisi imekataza kupanda, majani tu ya chini yanaruhusiwa. Basi nimekwenda mikono mitupu. Bi Mize alitaka kuja, nikamwambia siku nyengine, shoga, leo ni yetu.

Pakubwa. Mistari kama shamba la mahindi. Nunu mbele na simu, anahesabu namba kwa sauti, Suhail nyuma yetu, hatua zake nazisikia zinapungua. Nunu kasimama. Kajiti kadogo, kibao cha namba, majani yamekatwa vizuri. Kushoto kwake moja, kulia kwake moja.

Suhail kaangalia. "La katikati," kasema. "Lilikuwa la katikati."

Njia nzima nilikuwa na maneno. Ya miaka mitatu, ya karafuu, ya Ladywood, ya rihani kufa. Nilikuwa nimeyapanga kabisa, nianze na lipi. Nikamtazama mwanangu kasimama mbali, njiani, kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Nikamwambia njoo. Tangulia wewe. Salimu.

Kaja. Kasimama kando yangu.

"Assalamu alaikum, baba. Ni Suhail. Kulikuwa na foleni."

Nunu kaugeuza uso.

Nikamwambia, mweleze vizuri. Akachuchumaa, akaanza tangu Felixstowe, saa aliyoondoka, mzigo aliobeba, mji kwa mji, barabara kwa barabara, na mie nikakaa chini kwenye majani nikamwacha aseme.